Ngendo Dalali na Mafiga ya Wangeci

Mtu wa Majengo, hapa Thika, akitaka kuuza nyumba hakuandika tangazo. Alimwambia Ngendo. Ngendo alinyamaza siku mbili tatu kama mtu asiyesikia, halafu ungemwona anapita uchochoroni na mgeni nyuma yake, polepole, kana kwamba wanatafuta kuku aliyepotea.

Mimi nilimjua kanisani, tulikokaa benchi moja miaka mingi. Alikuwa mjane mrefu, mwembamba, mama wa Idah, mwenye sauti ya chini. Kabla ya udalali aliitwa kukandika nyumba za watu, na mwanamke anayekandika ukuta huujua ukuta. Anajua nguzo ipi imeliwa na mchwa, anajua maji ya mvua yanaingilia wapi. Watu wakaanza kumwuliza, "Nyina wa Idah, ile ya pale kona ni nyumba ama ni udongo tu umesimama?" Naye akawajibu. Hivyo ndivyo kazi ilivyomwingia. Hakuitafuta.

Siku hizo, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, kiwanja cha Majengo kilikuwa cha mji, lakini kuta na mabati yalikuwa ya aliyejenga. Ukiuza, unauza kuta, mabati, mlango, na majirani. Ngendo aliwahesabu majirani kama sehemu ya nyumba. Tena alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wauzaji: alimwonyesha mnunuzi ubaya kwanza.

"Hapa panavuja," alisema, akigusa ukuta. "Huyu jirani wa kushoto ana mbwa asiyelala. Choo kiko mbali, usiku utaenda na taa. Sasa kama bado uko hapa, njoo nikuonyeshe uzuri."

"Ngendo, unaniharibia!" muuzaji angelia.

"Sikuharibii. Akihamia akayagundua mwenyewe, atakuja kwako au kwangu?"

Nataka kusimulia juu ya nyumba ya Wangeci, kwa sababu hapo ndipo nilipomwona Ngendo akikosea, na nikaona alivyolibeba kosa lake.

Wangeci alikuwa mjane kama sisi, ila mdogo kwa umri. Mumewe alikuwa akifanya kazi kiwanda cha magome ya miwati, yale ya kulainishia ngozi, akafa kwa ugonjwa wa kifua. Baada ya mazishi alishindwa kuwalea wanawe wawili, Gathogo na Warigia, akawapeleka Ruiru kwa dada yake. Dada alikuwa na watoto wake watano katika chumba kimoja. Watoto walilala kama viazi gunini. Ndipo ikatokea nyumba ndogo pale Ruiru, ya mzee Kagwe, aliyekuwa anarudi kwao Nyeri. Kagwe alimpenda Wangeci kwa adabu yake, akamwambia, "Mwanangu, nitakungojea mpaka Jumamosi. Jumamosi nikipanda gari, ufunguo nampa atakayekuwa amesimama hapa na pesa mkononi."

Kwa hiyo nyumba ya Thika ilipaswa kuuzwa kabla ya Jumamosi, la sivyo watoto wangebaki gunini.

Wa kwanza kuja alikuwa Amrik Singh, fundi seremala, mtu mcheshi mwenye ndevu zilizofungwa vizuri na kalamu ya mbao sikioni. Alinunua nyumba kuukuu akazibomoa, akauza mabati na boriti.

"Mama Ngendo," alisema, akitazama juu, "mimi nauliza mabati mangapi, wewe unaniambia watoto wangapi wamezaliwa ndani!"

"Wawili. Na mabati hayo yaliwafunika wote wawili."

"Mabati yako na kutu, mama."

"Na ndevu zako zina mvi, lakini Swaran hajakufukuza."

Amrik alicheka mpaka akashika mlango. Swaran ni mkewe. Bei yake ilikuwa ya haki kwa mabati, lakini bei ya mabati si bei ya nyumba, isingefikia bei ya Kagwe. Akasema kwa upole kwamba kama mwingine hatapatikana, yeye yuko, wamtumie mtu.

Ndipo wakaja Nicanor na mkewe Apiyo. Nicanor alikuwa mtu wa reli, Mjaluo mkubwa wa mwili mwenye kuongea kidogo. Apiyo ndiye aliyeongea. Tangu aolewe walikuwa wamehamishwa kutoka kota moja ya reli hadi nyingine, Nakuru, Naivasha, Nairobi, na sasa Thika.

"Mama, mimi nimechoka kupika katika nyumba za watu," alimwambia Ngendo. "Nikipaka ukuta rangi, mwezi ujao analala mwingine."

Ngendo akamwonyesha panapovuja, akamwonyesha mbwa, akamwonyesha choo. Apiyo akasema mbwa watazoeana. Wangeci na Apiyo walikaa jikoni wakaongea kwa Kiswahili cha kuokoteza, wakacheka mambo yao, na Jumanne wakapatana, Nicanor akatanguliza sehemu ya pesa. Ngendo akasali nao, tukaenda nyumbani tukiwa na furaha.

Sasa kosa ni hili. Wangeci alipofunga vyombo alimwuliza Ngendo, "Na mafiga?" Ngendo akajibu bila kufikiri, "Ya kwako si unaenda nayo?" Kwetu sisi mawe matatu ya jikoni ni ya mwanamke wa nyumba. Watu wa kanisa wataniambia tuliacha mambo ya kale. Ni kweli, tuliacha mengi. Lakini mama zetu waliyaacha haya yakiwa imara ndani yetu, na mwanamke anayeondoka kwa heshima hapendi mawe yake yabaki yakipigwa teke. Wangeci akayang'oa, akafagia vizuri, akayafunga gunini, akayabeba kwa ukanda wa kichwa mpaka stesheni, akaenda nayo Ruiru kwa dada yake. Alifikiri ameacha nyumba safi.

Alhamisi Apiyo akaja na godoro na sufuria zake. Alipoingia jikoni akaona mashimo matatu ardhini, na majivu yamefagiliwa yote. Akatoka nje akaketi juu ya godoro.

"Siingii," alisema.

Nicanor akasema, "Jiko ni mawe tu."

"Basi ingia wewe. Lala humo, upike mwenyewe."

Tuliitwa mimi na Ngendo. Tulimkuta Apiyo hajalia, lakini uso umekazana.

"Mama Ngendo, ulinionyesha panapovuja. Mbona hukunionyesha hili? Nyanya yangu alikuwa akisema, mtu aking'oa mawe nyuma yake, anasema hapa pasipikwe tena. Yule mama alicheka na mimi, halafu akanifungia nyumba kwa nyuma. Tumrudie Bwana wa reli, tuombe kota."

Majirani walikuwa wamesimama. Mmoja akasema kwa sauti, "Ai, mtu mzima anaogopa mashimo!" Ngendo akamgeukia. "Wewe ulipoletwa hapa ukiwa bibi arusi, mafiga yako uliyakuta ardhini ama ulikuta mashimo?" Yule akarudi nyuma ya wenzake.

Halafu Ngendo akaketi chini kando ya godoro, mtu mzima vile, kwenye vumbi.

"Apiyo, mwanangu. Wangeci hakukufungia. Mimi ndiye niliyemwambia ayachukue. Kwetu kuyachukua ni heshima. Sikukuuliza kwenu ni nini. Nimeuza nyumba nyingi kwa watu wa kwetu, nikafikiri kila jiko ni langu."

Apiyo hakuinuka kwenda zake.

Njiani Ngendo aliniambia, "Twende Ruiru kesho asubuhi."

"Kuyarudisha mawe?"

"Kumrudisha Wangeci."

Nilisali usiku ule, si kwa maneno mengi. Niliwafikiria wale watoto.

Wangeci alipotuona Ijumaa alidhani tumemletea pesa zilizobaki za kumpa Kagwe. Ngendo alimwambia yote, Warigia akiwa ameegemea goti la mama yake.

"Nimrudishie mawe yangu?" Wangeci aliuliza. "Na mimi nitapika juu ya nini? Tena nikiyaweka pale, si ni kama nasema bado ni kwangu?"

"Si yako. Mengine."

"Ngendo, mimi siwezi kumwekea mwanamke mwingine mafiga. Anayemwekea mwingine ni mama mkwe, anapompokea mke wa mwanawe."

Ngendo akamwangalia tu. Alikuwa na njia ile ya kungoja mpaka mtu asikie mwenyewe alichosema.

"Ngai, Mungu wangu," Wangeci akasema. "Unataka nimfanye mwana."

"Mimi sitaki chochote. Mama yake yuko Kisumu. Mama mkwe wake amekufa. Na Jumamosi ni kesho."

Wangeci alinuka moshi wa kuni za dada yake, macho yamemchoka. Nilidhani atakataa. Alifunga kitambaa upya, akamkabidhi Warigia kwa dada, tukaenda stesheni.

Kule Majengo alimkuta Apiyo kwa jirani, akipika kwa jiko la kuazima. Hawakusalimiana vizuri. Wangeci alisema tu, "Twende mtoni." Apiyo akamtazama Ngendo, akamtazama mumewe, akamfuata. Wakashuka mpaka Chania, sisi nyuma yao. Wangeci aligeuza mawe kwa mguu, akikataa moja baada ya jingine.

"Hili litapasuka kwenye moto."

"Kwa nini?"

"Lina maji ndani. Sikia." Akaligonga. "Sasa gonga lile."

Apiyo akagonga, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hili?"

"Hilo ni zuri. Umejua haraka."

Walibeba wenyewe, hawakukubali tuwasaidie. Jikoni Wangeci alipiga magoti kwenye mashimo yale yale. Alizamisha jiwe la kwanza, la pili, akasimama kidogo kabla ya la tatu. Nilimwona akipumua. Alikuwa amepikia pale uji wa watoto wake, na dawa za mumewe. Kisha akamshika Apiyo mkono, wakalizamisha pamoja, akapiga udongo pembeni kwa kiganja.

"Pika, mwanangu," alisema. "Usiache moto ufe usiku wa leo."

Apiyo akasema jambo kwa Kijaluo, halafu kwa Kiswahili, "Asante, mama." Na sasa ndipo alipolia. Nicanor akatoka nje kutazama paa, ingawa hakukuwa na kitu cha kutazama juu ya paa.

Uji ulipoiva Wangeci alimwonyesha jinsi mlango unavyoinuliwa kidogo ndipo ufunge, na ni jirani gani wa kumwomba chumvi na yupi wa kumsalimia tu. Nicanor akarudi, akamkabidhi Ngendo pesa zilizobaki za nyumba. Amrik alitumiwa ujumbe kwamba asije. Alijibu kwamba anashukuru Mungu, maana mabati yale yangemchana mikono.

Jumamosi asubuhi tulisimama mbele ya nyumba ya Kagwe kule Ruiru kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee akahesabu pesa zake, akampa Wangeci ufunguo, akambariki, akaenda zake na kikapu chake. Gathogo na Warigia wakaingia mbio. Mara tukasikia kelele ndani.

"Hapa ni kwangu! Mimi niliona kwanza!"

"Wewe lala kule kwa dirisha!"

"Mama! Gathogo ananisukuma!"

Wangeci alitaka kuingia kuwaamua, Ngendo akamshika kanga.

"Waache. Watu wakianza kugombania kona, nyumba imeshauzwa."

Tukamwacha hapo mlangoni, akicheka na kufuta macho kwa mkono mmoja, sisi tukaenda kungoja gari la moshi la kurudi Thika.