Kamba ya Timea

Kwa miaka ishirini na miwili Timea alikuwa mkata jodari katika pwani ya Sirakusa, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Kazi yake ilikuwa kumgawa samaki sawasawa kati ya mwenye mashua na wavuvi. Kila mara alimning'iniza jodari kwa kamba moja, akaisogeza kamba mpaka samaki akalala sawa, kichwa hakishuki wala mkia. Hapo hapo penye kamba akapitisha kisu. Upande wa kichwa ulikwenda kwa mwenye mashua, wa mkia kwa wavuvi. Ndivyo baba yake alivyokata.

Asubuhi moja Filistioni, mkausha samaki, alileta mizani mipya ya sahani mbili. Ili aijaribu, aliweka nusu moja ya jodari aliyekatwa na Timea huku na nusu nyingine kule. Sahani ya kichwa ikashuka mpaka mchangani.

"Mizani yako mibovu," Timea akamwambia.

Filistioni akabadilisha sahani. Kichwa kikashuka tena.

Sosi, mkubwa wa wavuvi, aliyemwoa dada yake Timea, akatema kokwa ya zeituni. "Shemeji, mwenye mashua anakulisha nini?"

"Sosi! Si umemwona samaki amelala sawa?"

"Nimemwona. Na sisi tumelala usingizi miaka yote hii!"

Wavuvi wakacheka, lakini mmoja wao alikwisha kumpokonya Timea kisu. Timea akaomba apewe samaki mmoja tu zaidi, na kama atakosea, wampe kazi mtu mwingine. Wakamrudishia. Alipima kwa makini kuliko siku zote, akakata, akapeleka nusu zote mbili kwenye mizani kwa mikono yake mwenyewe. Kichwa kikashuka.

Timea akaitazama kamba, kisha mizani. Macho yake yaliona usawa. Macho yale yale yakaona pengo.

"Sikiliza, mzee," Filistioni akasema kwa upole. "Kichwa ni kizito, ila kimekaa karibu na kamba. Mkia ni mwepesi, ila umekwenda mbali. Kwenye kamba, umbali ndio unaousaidia."

"Umbali nao una uzito?"

"Hauna."

"Sasa unasaidiaje?"

Filistioni alichora mistari mchangani, akaeleza tena. Timea aliitikia kwa kichwa, kisha akakiri kwamba hajaelewa hata mstari mmoja.

"Naapa kwa Poseidoni mwenye bahari, Sosi, sikuwaibia. Wala sijui nani kawaibia."

Sosi akayapima maneno hayo moyoni. Mtu mwongo angekuwa na maelezo. Huyu hakuwa nayo.

"Kisu kaa nacho," akasema. "Ila kuanzia leo unakatia hapa, kwenye mizani, na mimi nimesimama kando yako."

Timea akakata minofu kutoka upande wa kichwa, akaihamishia sahani ya pili kipande kwa kipande, mpaka sahani zikatulia. Wavuvi walipokuja kuchukua fungu lao, Timea alimwomba kila mmoja msamaha, bila kujua hasa anaomba msamaha wa kosa gani.