Kisanduku cha Waliopotea

Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kupiga simu. Si simu za kucheka na kuulizana habari za nyumbani, la, simu za utafiti. Mradi wetu ulitaka kujua kama mgonjwa wa kifua kikuu anayefuatiliwa kwa simu atapona vizuri kuliko asiyefuatiliwa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, karibu na foleni ya malori, na moshi wa dizeli uliingia dirishani kutwa nzima. Kila siku, saa tatu mpaka saa tano asubuhi, nilikaa na simu sikioni, maana utaratibu ulisema tupige saa hizo tu. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni ili data ifanane.

Utaratibu huo niliujua kuliko Baba Yetu. Mgonjwa anapigiwa mara tatu, siku tatu tofauti. Asipopatikana, unatia alama kwenye kisanduku kilichoandikwa AMEPOTEA, faili inafungwa, unaenda kwa mwingine. Mwanzoni mkono ulisita. Baadaye ukazoea. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupenda visanduku kwa sababu vinamwondolea kazi ya kufikiri.

Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Kocholia, mfanyabiashara wa nafaka ya wimbi na mihogo mikavu kutoka Uganda. Alimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Siku aliyotoa makohozi ya mwisho ya kupimwa alikuja kutia sahihi kwangu, akaniuliza majibu atayajuaje. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikamjibu kama nilivyowajibu wote.

"Mama, wewe enda tu. Kukiwa na shida tutakupigia. Ukiona tumenyamaza, jua uko sawa."

Maneno hayo hayakuwa kwenye utaratibu wowote. Yalikuwa yangu. Kimya kingi kina mshindo, nimeusikia msemo huo tangu utotoni, na bado mimi nilikaa pale nikiwagawia watu kimya kama cheti cha kupona.

Majibu yake yaliporudi, ugonjwa ulikuwa bado upo. Hospitali ilijua mradi ndio unaopiga simu, kwa hiyo ikatuachia. Nilipiga Jumatatu: mteja hapatikani. Nikapiga Jumanne, nikapiga Jumatano, sauti ileile ya yule dada wa mtambo asiyechoka. Nikatia alama kwenye kisanduku, nikaenda kunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa tamu, nakumbuka vizuri, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Wiki tatu baadaye nilivuka mpaka kwenda kununua ndizi. Mimi nina kabambe, simu ndogo ya vitufe ya zamani, na sehemu ya laini ya pili ilikufa kitambo. Nikafanya tunavyofanya sote huku: nikatoa laini ya Kenya, nikaifunga kwenye karatasi, nikaweka ya Uganda, maana ya Kenya ukiwa ng'ambo inamaliza kredi bure. Niliporudi mchana, dada yangu akanifokea kwamba amenipigia asubuhi nzima na sipatikani.

"Si nilikuwa ng'ambo," nikamwambia. "Ungepiga jioni."

Nilijisikia nikisema hivyo, nikaziweka ndizi chini. Mimi mzaliwa wa hapa, niliyebadilisha laini tangu nilipomiliki simu ya kwanza, nilikuwa nimepiga simu saa nne asubuhi kumtafuta mama anayenunua wimbi ng'ambo saa nne asubuhi. Ugeni ungekuwa udhuru. Sikuwa nao.

Kesho yake nilipekua faili. Wengi katika kile kisanduku walikuwa watu wa biashara ya ng'ambo. Nikampelekea faili hizo mtaalamu wetu wa hesabu, bwana mpole aliyesomea nyota kabla ya kuhamia kwenye magonjwa. Hesabu yake ilichukulia kwamba waliopotea wanafanana na waliopatikana. Alivua miwani, akaisugua kwa shati.

"Kwa nyota," alisema, "usiku kukiwa na mawingu tunaandika mawingu. Hatuandiki nyota imepotea. Hii fomu yenu haina mahali pa mawingu."

"Basi fungua faili ya huyu mama."

"Dada, muda wake umeisha. Ikishafungwa imefungwa."

Alisema kwa huruma kabisa, na faili haikufunguliwa. Nilimkasirikia siku mbili, kisha nikakubali kwamba hasira hiyo nilikuwa nimeipeleka kwa mtu asiye wake.

Jumamosi nilipanda boda mpaka kwa yule mama. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mjukuu wake wa miaka mitatu yuko mapajani anakula kiazi. Mama alikuwa amepungua kuliko siku ile ya makohozi. Aliponiona alifurahi, akaita niletewe kiti.

"Umekuja kunisalimia! Nilingoja simu, kila jioni naweka laini ya Kenya, nangoja. Mkanyamaza. Nikasema, asante Yesu."

Akanieleza bila mimi kuuliza. Kina mama wa kanisa walikuja wakaomba naye, akapika, akasimama mbele yao akatoa ushuhuda kwamba amepona. Kikombe chake cha peke yake alichokitumia miezi sita alikirudisha kabatini pamoja na vingine.

Nilikuwa nimejifunza ofisini jinsi ya kutoa habari mbaya. Yote yalinitoka akilini. Nilisema tu kwamba majibu hayakuwa mazuri, kwamba tulipiga asubuhi akiwa ng'ambo, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia kimya ni uzima. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama.

"Lakini si ulisema mkinyamaza niko sawa?"

"Nilisema, mama. Nilikosea. Nisamehe."

Alimshusha mtoto mapajani polepole, akampangusa mdomo kwa ncha ya leso, akamwambia aende akakae kule kwa mamake. Mtoto akadhani ni mchezo, akarudi mbio akamkumbatia shingoni. Mama akamtoa tena, mara hii akageuza uso pembeni asimpumulie.

"Kosa si lako peke yako," akasema mwishowe. "Lakini huyu mtoto amelala na mimi tangu hayo maombi."

Akakohoa, akiwa ameziba mdomo kwa leso. Jumatatu tulienda hospitalini watu watatu: mama, mtoto na mimi.