Kisigino Kwenye Tope

Nilipoolewa na kuletwa kijiji kimoja karibu na Lusangi, tukiwa bado chini ya Wabelgiji, mama mkwe alinipeleka kwanza bondeni. Alitaka nijue majani ya mikeka yanaota wapi. Mimi niliona matete tu, na mabua makavu yaliyolaliana hadi magotini.

"Zamani tulichoma kila mwaka," alisema. "Tangu serikali ikataze moto, bonde limejifunika kama mugonjwa."

Nieleze kidogo. Uhai wa majani ya mikeka uko kwenye mizizi, ndani ya tope; kinachoyaua ni kukosa jua, yakifunikwa na mabua makavu. Moto ukipita upesi juu ya tope bichi, hula makavu na kuacha mizizi salama. Lakini tope likikauka, moto hushuka na kuichoma mizizi kama mihogo jivuni. Ndiyo maana wanawake wa pale walipima kwa kisigino: unakanyaga kwa nguvu, unaondoa mguu, unangoja. Shimo likiingia maji, unaweza kuchoma.

Majani yaliyobaki yalitosha mkeka mmoja tu. Mama mkwe, ambaye hakujua kazi nyingine ya mikono, alimwendea monitori wa kilimo, mtumishi wa serikali aliyesimamia mashamba yetu, mara tatu kuomba ruhusa. Mwishowe akapewa siku moja, naye monitori asimamie.

Siku hiyo tulifika na matawi mabichi ya kuzimia moto. Mama mkwe akakanyaga. Tukangoja. Shimo likabaki tupu.

"Hatuchomi," akasema.

Monitori akaruka. "Mama, umenisumbua mwezi muzima! Leo ruhusa iko, unakataa?"

"Ruhusa iko, baba. Maji ndiyo haiko."

Jirani mmoja akacheka. "Kisigino chako kimezeeka, dada. Tujaribu cha bibi arusi!"

Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Patupu. Monitori akaondoka bila kuaga, nami nikaamini kwamba bonde limetutoka.

Mama mkwe hakununa. Alingoja mvua ya kwanza inyeshe, kisha jua likaushe mabua juu huku tope likibaki bichi chini. Ndipo akamfuata tena monitori, akamleta hadi ukingoni, akamwambia avue kiatu. Bwana yule alitutazama, akavua, akakanyaga. Maji yakaingia taratibu, yakafunika alama ya kisigino chake.

"Iko," akasema mwenyewe, na kucheka kidogo. "Haya, mama, washa."

Moto ulipita mbio, ukafia kwenye maji ya kijito. Siku chache baadaye ncha za kijani za majani ya mikeka zilichomoza kwenye majivu, nyembamba kama sindano. Kila yalipochipua matete, tuliyang'oa. Msimu uliofuata tulikata mizigo miwili, tukaacha mengi yasimame.

Mkeka wangu wa kwanza ulipinda upande mmoja. Mama mkwe aliutazama, akautandika kitandani mwake, na hakuubadilisha mpaka ulipochakaa.