Nilivyocheka Ndani ya Mrija

Nilitoka Gitega kwenda Muyinga kumposea mdogo wangu. Nyumbani tuna ng'ombe wawili tu, nimewahesabu mara mbili. Mzee wa binti akitaka wa tatu, hakuna harusi. Kwa hiyo nilikwenda na uso usiocheka, maana mposaji anayecheka huongezewa mahari.

Kabla ya mazungumzo, mzee akawasha filamu ya zamani ya vichekesho vya anga za juu.

"Niliiona utotoni Tanzania," nikasema. "Haichekeshi hata kidogo."

Tukainamia mtungi wa pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake mdomoni. Chombo cha anga kikazimika. Abiria wakashuka kukisukuma. Nikajikaza. Kikawaka, kikawaacha.

Nikachekea ndani ya mrija. Povu likamrukia mzee usoni. Akajifuta taratibu.

"Kumbe we iko na meno! Haya, tuongee ng'ombe wa tatu."