Njia ya Kinamama wa Mwani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mlingotini, nilivaa viatu vya kisigino kirefu. Nilikuwa bibi maendeleo mpya, mtoto wa wakulima wa Fukayosi, na kinamama wa mwani walinicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakanifundisha kazi yao. Vigingi viwili huchomekwa mchangani, kamba ikavutwa katikati, na mbegu za mwani zikafungwa juu yake kwa vikamba vidogo viitwavyo taitai. Kazi yenyewe hufanywa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana.

Baadaye nilihamishiwa Vigwaza, nikarudishwa Mlingotini nikiwa mtu mzima. Nikakuta mwekezaji anataka kujenga ukuta utakaofunga njia pekee ya kinamama ya kwenda baharini. Bila njia ile, mwani ndiyo basi tena.

Mkuu wangu, Afisa Maendeleo wa Wilaya, mtu wa bara na muungwana, aliitisha mkutano akauliza nani anapinga. Kimya. Tulipotoka akasema kinamama wameridhika, naye ataandika hivyo. Nilipandwa na hasira. Pale mbele walikaa wazee wa kijiji, wakwe wa nusu ya wanawake wale, na kwetu mwanamke hapazi sauti mbele ya mkwewe. Nikamweleza hivyo.

"Mama, wewe ni mtumishi wa serikali au wa hawa kinamama?"

"Serikali imeniajiri niwatumikie wao, mzee. Kesho ni bamvua. Njoo uwasikie wakiwa kazini."

Niliogopa, sikatai. Kumbishia mkubwa kulitosha kukupa uhamisho wa mbali na wanao. Lakini kesho yake alikuja, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Kule hakukuwa na mkwe. Kinamama walimweleza juu ya watoto waliowasomesha na nyumba walizoezeka bati kwa mwani, wakamweleza na habari ya ukuta, wote kwa pamoja, mpaka maji yakaanza kujaa na kumfika kiunoni. Akasema ataandika njia ibaki, na kweli aliandika. Ukuta ulijengwa pembeni.

Nimestaafu sasa, na ninajivunia kazi ile kuliko vyeti vyote vilivyoko ukutani kwangu. Juzi nilikwenda Mlingotini, nikawa natembea polepole katikati ya njia ile na mkongojo wangu. Nyuma yangu akaja binti mmoja, kamba begani, ana haraka, wala hanijui.

"Shikamoo bibi. Naomba unipishe, maji yasije yakajaa."

"Marahaba mwanangu," nikamjibu, nikampisha.