Episodi ya Saba Sio Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu, ila kipaji usikifiche, maana hicho kimeshafichwa vya kutosha.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, natokea Hombolo. Shule niliishia kidato cha pili, na sioni aibu kusema, kwa sababu kuna watu wana digrii mbili na hawawezi kuandika ugomvi wa mawifi ukaeleweka. Mimi naweza. Ukinipa kikao cha mahari, mbuzi wanane na mjomba mmoja mlevi, nakutolea episodi ambayo mama yako ataacha ugali uungue.

Kuna tamthilia inarushwa kila Jumapili, inapigwa picha hukuhuku Dodoma. Sitaitaja. Mwenye tamthilia tumuite Bosi. Mwaka jana alikuja Hombolo kutafuta shamba la zabibu la kupigia picha, akanikuta nawasimulia wenzangu visa, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Dogo, hivyo visa andika, mimi nitavitoa kwenye TV." Nikanunua daftari kubwa, nikaandika. Katika episodi kumi na mbili, kumi na moja ni zangu, neno kwa neno. Moja tu, ya saba, aliandika yeye, kwa sababu alisema anataka "kuweka kitu cha kisomi". Ndiyo ile ambayo jamaa kavaa suti, kasimama katikati ya zabibu na jua lile, analia kwa Kiingereza nusu saa nzima.

Sasa, ukurasa wa tamthilia uliwaomba watazamaji watoe maksi, kisha wakazipanga episodi kumi na moja zilizokwisha kurushwa, kuanzia ya juu kabisa mpaka ya mkiani. Nafasi ya kwanza, episodi ya tano, ile ya msiba. Nafasi ya pili, episodi ya tisa. Nikawa natembea Hombolo kifua mbele kama nimegombea udiwani nikapita. Halafu mtu akaniambia, hebu angalia majina ya waandishi. Naangalia, kumi za juu zote zimeandikwa jina la Bosi. Nashuka mpaka chini kabisa, ya saba, maksi mbili. Mwandishi: mimi. Majina yangu yote matatu, mpaka la babu.

Jamani, niliumia. Vijana wa kijiweni wakanibatiza Mzee wa Mkiani. "Mzee wa Mkiani, leo hulii Kiingereza?" Mama yangu, ambaye alikuwa amewaita majirani waje waone jina la mwanawe, alizima TV taratibu, akaniuliza, "Baba, ndiyo hii uliyoachia shule?"

Nikamfuata Bosi. Nikamwamkia vizuri tu, shikamoo, akaitikia huku anachezea simu. Nikamuuliza mbona hivi. Akacheka. "Dogo, nani ataamini kidato cha pili kimeandika ile ya tano? Wadhamini wakijua watakimbia."

"Na ya saba mbona umeweka jina langu?"

"Si ulikuwa unalilia jina? Nimekupa."

Nikasema moyoni, wewe sawa.

Mjue kitu kimoja. Watazamaji wanampenda sana bibi wa kwenye tamthilia, tumuite Bibi Nyemo, jirani yetu wa Hombolo. Akifoka Kigogo tu, maksi zinapanda. Bosi sio wa huku. Kigogo chake kinaishia kwenye salamu ya "mbukwenyi". Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: mimi namwambia bibi maneno ya Kigogo kwa mdomo, maana hasomi, kisha kwenye daftari naandika Kiswahili chake cha kuweka chini ya picha. Bosi anasoma Kiswahili tu, anasema safi.

Kwenye ile ya kumi na mbili, ya mwisho, daftari linasema bibi anambariki mjukuu anayeoa. Ila nilichomwambia bibi ni kingine: "Anayejiita mwandishi hajaandika chochote isipokuwa kilio cha Kiingereza. Mengine yote ni ya mtoto wa Hombolo," halafu anataja ukoo wangu. Bibi alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Akasimama mbele ya kamera, akayasema yote, na akaongeza yake: "Na mimi ananisimamisha juani tangu asubuhi bila kiti, yeye kakaa chini ya mwavuli kama mwali!" Wenyeji waliokuwa wanaangalia wakageukia ukutani, mabega yanacheza.

Bosi alikuwa anafuta machozi. "Hiyo ndiyo baraka ya mzee! Hiyo namba moja!"

Inarushwa Jumapili hii. Na juzi Bosi kanipigia, sauti ya asali. Anaoa Miyuji, hapahapa Dodoma, wakwe zake ni Wagogo watupu, na amewaambia tamthilia yote katunga yeye. Amewaalika wazee waangalie naye hiyo ya mwisho. "Na wewe njoo dogo, nitakutambulisha, huyu ndiye msaidizi wangu wa kubeba betri."

Betri!

Nikaogopa kidogo, sio kwa ajili yake, kwa ajili ya bibi, asije akanyimwa nafasi msimu ujao. Nikaenda kumuuliza kama anataka nimpigie Bosi akate kile kipande. Alikuwa anapepeta mtama, hata hakuacha. "Usinisingizie mimi, mjukuu wangu. Mimi nimesema nililotaka kusema. Kama unaogopa wewe, sema unaogopa wewe."

Ndugu zangu, leo Alhamisi. Nikipiga simu, harusi ya watu inapona na mimi nabaki Mzee wa Mkiani mpaka nazeeka. Nisipopiga, naenda Miyuji nakaa karibu na baba mkwe, nimuangalie Bosi anavyowaangalia wakwe wanavyomuangalia.

Nipeni mawazo, nipige simu au ninyooshe shati niende? Ila anayetaka kuniambia nisamehe, kwanza akaangalie episodi ya saba mpaka mwisho, bila kusogeza mbele, ndipo aje tuongee.