Sauti Niliyomwazima Shirinbai

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa sinema alinisimamisha kando ya pazia jeupe akanipa agizo moja: nisiyatangulie macho ya watazamaji. Enzi hizo filamu zilikuwa bubu. Maneno ya wahusika yaliandikwa kati ya picha na picha kwa lugha za Kihindi, nami, binti wa mwenye duka Kariakoo niliyesoma na watoto wa Kihindi, niliyatamka kwa Kiswahili katika onyesho la alasiri la wanawake. Kazi hiyo iliitwa usomaji.

Shirinbai, mwigizaji wa filamu hizo, alianza kama mjakazi. Aliingia na birika, akatoka, bila hata neno moja la kusomwa. Lakini alimtazama bibi yake aliyefiwa kwa namna iliyomfanya mtazamaji mmoja, Bi Mgeni, mpika vitumbua wa mtaani kwetu, aseme kwa sauti, “Huyo ndiye mwenye msiba. Yule mwingine anajipodoa tu.”

Baadaye akawa dada, kisha bibi harusi, hatimaye jina lake likaandikwa juu ya jina la filamu. Nilimtafutia sauti nzito kidogo, ya kubembeleza, na wanawake wakaipenda kama yake.

Ndipo zikaja filamu za kusema. Meneja alinieleza, bila kunitazama, kuwa alasiri ya kwanza ingekuwa yangu ya mwisho.

Shirinbai alipofungua kinywa, ilitoka sauti nyembamba kama ya mtoto. Wanawake wakaguna.

“Wamemwekea sauti ya mtu mwingine,” alisema Bi Mgeni. “Salma, mwanangu, mrudishie yake.”

Meneja alinisogelea. “Sema, Bibi. Wakikutaka wewe, kazi unayo.”

Nikasema, nikimfunika Shirinbai kwa sauti yangu, na ukumbi ukatulia. Tukafika alipoketi kando ya kitanda kitupu cha mwanawe akaanza kuimba. Nilivuta pumzi nimfunike tena, nikasikia sauti yake ikikatika mwishoni mwa kila mstari. Miaka yote ile nilimsomea huzuni bila kukatika hata mara moja.

“Ni yeye, Bi Mgeni,” nikasema. “Msikilizeni.”

Nikaenda kuketi kwenye benchi lao. Bi Mgeni alinisogezea nafasi huku akinung’unika. Wimbo haujafika nusu, alikuwa amenishika mkono, analia, wala hakuniuliza maana ya maneno.

Baadaye nilifundisha shule hadi nikastaafu. Vijana huniuliza kama niliumia kuiacha kazi ile. Niliumia, kwa muda mrefu sikupita mtaa wa sinema. Lakini alasiri ile, kwa mara ya kwanza, nilimtazama Shirinbai nikiwa nimekaa.